Dawa ya mti, lakini si ya kuchemsha

Tunapotafsiri habari za kansere (vitabu vinasema saratani, na maneno yote mawili asili yake ni kaa, yule mnyama wa majini), neno linalotusumbua zaidi ni dawa. Kwetu dawa ni kidonge, ni sindano, ni majani ya bibi, hata ile ya kung'arishia viatu. Basi mtu akisikia kwamba dawa ya kansere imetoka kwenye gome la mti, anatafuta sufuria. Nachukua mfano mmoja, pakitakseli, nieleze kwa nini sufuria haisaidii.

Mwaka 1962, katika jimbo la Washington huko Marekani, mtaalamu wa mimea Arthur Barclay alikusanya sampuli za mti unaoitwa Taxus brevifolia. Monroe Wall na Mansukh Wani walitoa kemikali hiyo kwenye gome lake, na mwaka 1971 wakachapisha umbo lake. Mwaka 1979 Susan Horwitz akaonyesha inavyofanya kazi. Seli ikitaka kujigawa hujenga nyuzi ndogo ndani yake, kisha huzibomoa. Pakitakseli inazishika zisibomoke. Seli inakwama katikati ya kazi na kufa.

Lakini pakitakseli karibu haiyeyuki kabisa katika maji. Ukichemsha gome, dawa inabaki kwenye gome, na miti ya jamii hiyo ina sumu nyingine zinazoweza kusimamisha moyo. Hata damu, kwa sehemu kubwa, ni maji. Kwa hiyo watengenezaji waliiyeyusha katika alkoholi na mafuta ya mbarika yaliyobadilishwa kikemia. Mafuta hayo yenyewe yakawaletea wagonjwa wengine aleji kali. Ikabidi wapewe kwanza dawa za kuzuia aleji, kisha serumu ya saa 3 hivi.

Hapo ndipo nano inapoingia. Kwa Kigiriki neno hilo ni kibete. Milimita moja ina nanomita 1,000,000. Mwaka 2005 Marekani iliidhinisha Abraxane kwa kansere ya matiti: pakitakseli ile ile, imefungwa na albumini, protini iliyo nyingi kuliko zote katika maji ya damu. Kila chembe ina nanomita 130 hivi. Ukizipanga mstari, karibu 7,700 zinaenea katika milimita moja. Mtu wa Goma ataelewa haraka: mzigo haukubadilika, kilichobadilika ni chukudu. Mafuta yameondoka, na serumu inachukua dakika 30.

Wengine hupenda kuziita risasi zinazoitafuta kansere. Mimi siukubali mfano huo. Mishipa ya damu ya uvimbe mara nyingi inavuja, na chembe ndogo zinaweza kupenya. Lakini dawa nyingine inakwenda kwingine mwilini, na wagonjwa bado wanapata ganzi ya vidole na kupungukiwa chembe nyeupe za damu. Risasi inaahidi mno. Napendekeza kachukuzi, wingi tuchukuzi, kwa ka- na tu- za Kiswahili chetu cha Kongo, hata kama walimu wa Kiswahili sanifu watanung'unika. Mgonjwa ningemwambia hivi: mama, dawa hii ilianzia kwenye mti, ikasafishwa, ikapakiwa kwenye tuchukuzi twa protini, na inaingia kwa mshipa tu, gome usinywe.