Goma na Bukavu: fikusi nyingi za saloni zinakufa kwa maji mengi, si kwa kiu

Fikusi lira, mti wa chungu wenye majani mapana ya umbo la kinubi, hupamba saloni nyingi za mijini. Bei yake si ndogo, lakini wengi huupoteza ndani ya miezi michache. Majani yanageuka kahawia na kuanguka, mwenye nyumba anadhani mti una kiu, anaongeza maji. Kumbe mizizi ilikuwa tayari inaoza.

Sababu iko katika asili ya mti wenyewe. Fikusi hii hutoka misitu ya Afrika Magharibi, kuanzia Sierra Leone hadi Kamerun. Huko mbegu yake mara nyingi huota juu ya mti mwingine, kisha mizizi hushuka hadi ardhini. Ni mizizi iliyozoea hewa. Ikifungiwa katika udongo ulioshikana na kujaa maji, inakosa pumzi.

Udongo mwekundu wa Bukavu hunata ukilowa, na ukikauka chunguni huwa mgumu kama tofali. Goma shida ni kinyume: changarawe nyeusi za volkano hupitisha maji upesi mno. Dawa ni kuchanganya: sehemu mbili za udongo wa juu wa shamba, moja ya changarawe ndogo za volkano zilizooshwa, na moja ya mboji iliyooza vizuri.

Kuna kipimo rahisi. Finya gao la mchanganyiko huo ukiwa na unyevu, kisha uguse kwa kidole. Ukisambaratika, unafaa, ukibaki donge, ongeza changarawe.

Chungu lazima kiwe na matundu chini, hata kama ni ndoo kuukuu iliyotobolewa. Mwagilia pale tu udongo umekauka hadi kina cha sentimita 5, na maji yanayobaki kwenye kisahani yamwagwe. Weka mti karibu na dirisha lenye mwanga, na pangusa vumbi kwenye majani. Utomvu wake mweupe huwasha ngozi, hivyo watoto wasiuchezee.

Mti ulioanza kuoza bado unaweza kupona. Ung'olewe chunguni, mizizi myeusi na laini ikatwe, upandwe katika udongo mpya. Mbolea isubiri hadi jani jipya litokeze.