Shafti ya PTO: lipia krosi na kinga, usilipie unene

Msimu wa kupukuchua mahindi ukikaribia, wenye trekta ndogo huuliza swali lilelile: ninunue shafti mpya, nichukue ya mtumba, au nimpe fundi anichomelee? Pesa ni ya kubana na wateja wameshaanza kupiga simu. Jibu langu kwa walio wengi ni hili: nunua mpya ya saizi inayolingana na trekta yako, yenye kinga yake, na usiongeze hata shilingi kwa sababu tu muuzaji anasifu unene wa chuma. Ya mtumba inafaa kwa masharti. Ya kuchomelea inafaa kwa kazi ya aina moja tu, nitaieleza.

Kabla ya kuuliza bei, nenda nyuma ya trekta ukahesabu meno ya PTO, ile ncha inayopeleka nguvu ya trekta kwenye mashine. Ncha ya PTO iliyo ya kawaida ina unene wa milimita 35 na meno 6, na huzunguka mara 540 kwa dakika. Ipo ya milimita 35 pia lakini yenye meno 21, hiyo ni ya mizunguko 1,000. Trekta kubwa huwa na ncha ya milimita 45, meno 20, nayo ni ya 1,000. Ukisafirisha shafti ya meno 6 kutoka Dar es Salaam hadi Sumbawanga kisha ukakuta trekta ina meno 21, nauli ya mzigo imekwenda bure. Kuna viunganishi vya kubadili meno, ila usivikimbilie: mashine iliyotengenezwa kwa 540 ukiifunga kwenye 1,000 itazunguka karibu mara mbili ya kasi yake. Punje zitapasuka, beringi zitaungua, na ngoma ikiachia hakuna wa kusimama karibu.

Sasa nguvu. Muuzaji akikwambia shafti hii inabeba trekta yoyote, fanya hesabu yako. Kwa PTO ya 540, zidisha hospawa kwa 13, utapata nguvu ya kusokota kwa Newton mita. Hospawa 40 ni kama Newton mita 520. Kwa PTO ya 1,000 zidisha kwa 7 tu, ndiyo maana shafti ya kasi kubwa inaweza kuwa nyembamba kwa hospawa zilezile.

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapoliwa. Kwa chuma cha kawaida chenye mfereji wa kii, wahandisi huweka kikomo cha Newton 40 kwa kila milimita ya mraba. Kwa Newton mita 520 hiyo inadai kipenyo cha milimita 40 na kidogo. Mashine ya kupukuchua hupokea mzigo kwa mishtuko, basi ongeza nusu ya nguvu: unafika milimita 46 na ushei, na sokoni utachukua 50. Chuma hicho kilichojaa ndani kina zaidi ya kilo 15 kwa mita, na karakana huuza kwa kilo. Lakini bomba lenye kipenyo cha nje cha milimita 60, ukuta wake milimita 5, linastahimili msokoto sawa na chuma kilichojaa cha milimita 48, na uzito wake haufiki kilo 7 kwa mita. Shafti za dukani zimetengenezwa kwa mabomba kwa sababu hiyo hiyo. Uzito mkubwa mkononi si dalili ya ubora.

Kinyume chake nacho kina hatari. Fundi akikosa chuma cha milimita 35 akakuwekea cha 30, macho yanaona tofauti ndogo. Uimara wa kusokotwa hufuata kipenyo kikizidishwa chenyewe mara tatu, hivyo umepoteza zaidi ya theluthi ya uwezo. Pima kwa venia kabla hajaanza kukereza.

Shafti mpya ya dukani ndiyo ghali siku ya kununua. Unachopata ni vichwa vyenye kufuli ya kubofya, mabomba mawili yanayoingiliana, krosi mbili (viungo vya umbo la msalaba vinavyoiruhusu shafti kukaa kwenye pembe) na kinga ya plastiki. Uliza krosi ni saizi gani, na upime mwenyewe kipenyo cha kikombe na urefu kutoka kikombe hadi kikombe cha upande wa pili. Milimita 27 kwa 74.6 na milimita 30.2 kwa 80 ni miongoni mwa saizi za kawaida. Kama saizi ya shafti hiyo haipatikani katika duka la spea la mji wako, iache, hata ikiwa rahisi. Krosi ndiyo itakayokwisha kwanza, na kuisubiri wiki nzima mwezi wa Julai kunakula msimu.

Ya mtumba inavutia kwa bei ya mwanzo. Shika vichwa vyote viwili, sokota kinyume, usikilize mchezo kwenye krosi. Vuta na usukume mabomba: yateleze kwa mkono bila kukwama. Lilaze bomba kwenye meza bapa ulizungushe. Likipanda na kushuka limepinda, na kupinda huko kutaharibu sili na beringi za giaboksi. Angalia meno ya ndani ya kichwa, yakiwa yamechongoka kama msumeno ondoka.

Kisha piga hesabu kamili. Hizi ni tarakimu za mfano, weka za kwako: ya mtumba 250,000, krosi mbili 80,000, kinga mpya 70,000, fundi wa kufunga 20,000. Umefika 420,000. Kama mpya ni 480,000, tofauti ni 60,000, na bado una bomba lisilojulikana limepita wapi. Mimi hapo nachukua mpya. Mtumba una maana pale ambapo krosi na kinga ni nzima, au tofauti inafika nusu ya bei.

Wapo mafundi hodari, Gerezani jijini Dar es Salaam na kwingineko, wanaokata propela shafti ya gari na kuchomelea kichwa cha meno 6. Chuma chake ni kizuri. Udhaifu uko kwenye sehemu inayoteleza, kwani propela ya gari hurefuka kwa kiasi kidogo tu. Kwa mashine ya kupukuchua iliyotulia chini, trekta ikiwa imesimama na magurudumu yamewekewa kabari, hilo halina shida. Kwa rotaveta au mashine ya kukata majani inayoinuliwa na kushushwa, na kwa chochote kinachovutwa kwenye kona, propela itachomoka au itagota na kusukuma giaboksi. Ukiamua kuitumia, hakikisha uma zinazoshika krosi kwenye ncha mbili za bomba zimelala mstari mmoja. Krosi iliyo kwenye pembe huzungusha kwa kasi inayopanda na kushuka mara mbili kila mzunguko, na krosi ya pili hufuta hitilafu hiyo iwapo tu uma zimelingana na pembe za pande zote mbili ni sawa. Fundi akikosea robo ya mzunguko, mashine itatetemeka msimu mzima na utaambiwa tatizo ni beringi.

Gharama ambayo haiko kwenye risiti ni boliti ya kukatika. Kazi yake ni kufa kabla ya giaboksi. Trekta ya hospawa 50 ikiendesha mashine inayohitaji 15, magunzi yakibana ngoma nguvu yote ya ziada inatafuta pa kutokea. Boliti ikikatika mara mbili, wengi hufunga ngumu zaidi, yenye alama 8.8 kichwani mahali palipopangiwa laini, na kesho yake wananunua gia. Nunua kumi za daraja lililoandikwa kwenye kitabu cha mashine, ziwekwe kwenye boksi la spana. Klachi ya kuteleza ni nzuri zaidi ila ni ghali, na ikikaa mwaka bila kulegezwa hushikana kwa kutu. Kwa kupukuchua tu, boliti inatosha.

Kinga ya plastiki wengi huivua ili kupaka grisi, kisha hairudi. Nasema hili bila kulegeza: shafti isiyo na kinga usiinunue, na uliyo nayo usiiwashe. Mizunguko 540 kwa dakika ni 9 kwa sekunde. Bomba la milimita 60 huvuta nguo karibu mita 1.7 kila sekunde, yaani khanga nzima kabla mtu hajafumbua mdomo kuita. Wanaojaza mahindi kwenye mashine mara nyingi ni kina mama waliojifunga khanga na vijana wenye makoti mapana. Grisi yenyewe ni kila saa 8 za kazi kwa krosi za kawaida, na kinga nyingi zina tundu la kupitishia bomba la grisi.

Mwisho ni urefu. Shafti mpya huja ndefu, na dukani watajitolea kuikata. Kataa hadi upime trekta na mashine zikiwa zimeunganishwa. Zikiwa mbali kabisa, mabomba yabaki yameingiliana angalau theluthi moja ya urefu wake. Zikiwa karibu kabisa, yabaki na nafasi ya vidole viwili kabla ya kugota. Kata bomba la ndani, la nje na kinga kwa kipimo kilekile, ondoa makali kwa tupa, paka grisi. Duka halipokei tena shafti iliyokatwa, hata ukiwa na risiti ya EFD.