Leja ni ya Mkaguzi, Katalogi ni ya Mwanafunzi

Shule nyingi ninazofika Mbagala, Charambe na Chamazi zina leja ya vitabu, tena iliyojazwa kwa mwandiko wa kupendeza: jina la kitabu, idadi, tarehe ya kupokelewa, sahihi ya aliyepokea. Zenye katalogi ni za kuhesabu. Watu hudhani ni kitu kimoja. Leja inajibu swali la mkaguzi: vilikuja vingapi, vimebaki vingapi? Katalogi inajibu swali la mtoto wa darasa la tano aliyeambiwa akaandike habari za ufugaji wa kuku: je, kuna kitabu juu ya jambo hili, na kimekaa wapi? Mpe mtoto huyo leja, ataanza kusoma mstari kwa mstari kwa kufuata tarehe ambazo gari lilishusha maboksi, na kengele ya kumaliza mapumziko italia hata hajafika mwaka aliozaliwa yeye.

Mimi ni mkutubi mstaafu. Nilisomea Bagamoyo, nikafanya kazi katika maktaba za umma, na sasa nakaa Mbagala. Nazunguka shule za Temeke, na nikiitwa napanda daladala mpaka Tegeta na Bunju, upande wa Kinondoni, kuwasaidia walimu kupanga vitabu. Wanaoniita si wakutubi. Ni walimu wa Kiswahili, wa Historia, mara moja moja wa Hisabati, waliokabidhiwa funguo za chumba juu ya vipindi vyao vya kawaida. Kila mmoja wao anaitwa "mwalimu wa maktaba", lakini cheo hicho hakikuja na somo lolote.

Kwa nini leja ipo na katalogi haipo? Mwalimu mmoja alinieleza bila kupepesa macho: kitabu kikipotea anaulizwa yeye, kisiposomwa haulizwi na mtu. Basi anafanya kile ambacho mtu mwenye akili angefanya. Anahesabu, anagonga mhuri, anafunga kufuli. Simlaumu hata kidogo. Kazi yake imepangwa na maswali anayoulizwa, na swali la katalogi halimo.

Vitabu vyenyewe si kwamba havijawahi kuja. Wengi wetu tunakumbuka chenji ya rada. Mwishoni mwa mwaka 2010, kampuni ya BAE Systems ya Uingereza ilikiri mahakamani kosa la kutotunza vizuri kumbukumbu za hesabu katika biashara ya kuiuzia Tanzania rada, na pauni milioni 29.5 zikaelekezwa kwa Watanzania. Fedha hizo zilinunua vitabu vya shule za msingi. Mpaka leo ukifungua stoo fulani fulani utaelekezwa kabisa: vile pale ni vya rada. Nacheka kimoyomoyo kila ninapokumbuka kwamba fedha zilizotokana na kosa la kutotunza kumbukumbu zilinunua vitabu ambavyo baadhi ya shule zilivipanga kwa asili ya fedha badala ya mada. Hesabu za darasa la nne zimelala juu ya Sayansi ya darasa la sita kwa sababu zilishuka siku moja.

Nchi hii haikuanza jana kufikiria maktaba. Sheria ya kuunda huduma za maktaba Tanganyika ilipitishwa mwaka 1963, na mwaka huohuo Chuo cha Ukutubi cha Afrika Mashariki kilianza Makerere, Kampala, ambako vijana wetu walipelekwa kusoma. Tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa hapa Dar es Salaam. Mwaka 1975 ikaja sheria mpya ya Bodi ya Huduma za Maktaba, na mwaka 1989 Bodi ikawa na chuo chake Bagamoyo, kinachotoa cheti na stashahada ya ukutubi. Barabara ya kwenda chuoni hapo inapita Tegeta, Boko na Bunju, mbele ya shule zilezile ninazozisemea. Lakini mwalimu mwenye vipindi tele kwa wiki na darasa lililofurika hawezi kuaga mwaka mzima akasomee cheti. Na aliyekwisha kukipata cheti hicho ataajiriwa kwenye chuo kikuu, benki au wizara kabla hajaiona shule ya kata.

Hebu nieleze kazi yenyewe, maana watu huiogopa bure.

Kitabu kikiingia kinasajiliwa, kinapewa namba yake na kugongwa mhuri. Hadi hapo leja inatosha. Baadaye unakitazama na kujiuliza kinahusu nini, ukakipa namba ya mada. Namba hizi wengi wetu tunazitoa kwa Melvil Dewey, Mmarekani aliyechapisha mpango wake mwaka 1876: maarifa yote yamegawanywa kuanzia 000 mpaka 999. Ufugaji wa kuku ni 636.5. Historia ya Tanzania ni 967.8. Uislamu ni 297, na Ukristo umepewa sehemu kubwa ya namba za kundi la 200, jambo ambalo mwalimu wa dini pale Tandika aliliona kabla yangu na akaniuliza ni nani aliyegawa. Mwisho unaandika lebo ya mgongoni, na unaweka kitabu kwenye orodha kwa njia tatu: jina la mwandishi, jina la kitabu, na mada. Hiyo ya tatu ndiyo wanayoiruka, na ndiyo mtoto anayoihitaji zaidi.

Hapa kuna kichekesho ambacho nimekikuta Temeke na Kinondoni sawia. Vitabu vya msaada kutoka Marekani vimepangwa, vya kwetu havijapangwa. Sababu ni ndogo sana. Geuza ukurasa wenye jina la kitabu cha Kimarekani, nyuma yake utakuta namba ya Dewey imeshachapwa. Maktaba ya Bunge la Marekani ilianza utaratibu huo mwaka 1971, mwaka uleule Euphrase Kezilahabi alipotoa Rosa Mistika. Mwalimu asiyefundishwa ananakili namba aliyoikuta, na kwa hiyo kitabu cha watoto wanaocheza kwenye theluji kina lebo safi na nafasi yake rafuni. Rosa Mistika, ambayo kidato cha tatu wanaitafuta, imo kwenye boksi kwa sababu haikuja na namba, na hakuna aliyemwonyesha mwalimu jinsi ya kuitunga.

Kuitunga nako kuna kero yake. Fasihi ya Kiingereza kwa Dewey inaanzia 820, tarakimu tatu tu. Fasihi ya Kiswahili ni 896.392, na riwaya ya Kiswahili 896.3923. Hebu andika hiyo kwenye mgongo wa kitabu chembamba cha hadithi, kwa kalamu ya wino, kwenye joto la Machi, gundi ikiwa inayeyuka. Kwenye maktaba ya taifa sina neno. Kwenye shule ambako rafu nzima ya hadithi ni za Kiswahili, nawaambia walimu waandike HK, yaani hadithi za Kiswahili, na herufi tatu za mwandishi: HK KEZ. Walimu wangu wa Bagamoyo pengine wangenikunjia uso. Mwanafunzi ameshakiona kitabu.

Majina ya waandishi ndiyo yanayonichukulia saa nyingi kuliko yote. Kanuni tulizofundishwa zilitungwa zaidi na watu ambao jina lao la mwisho ni la ukoo. Sasa mpange Shaaban Robert. Katika shule moja nilimkuta rafu mbili: mwalimu aliyehama alimweka kwenye R, aliyefuata akamweka kwenye S. Penina Muhando na Penina Mlama ni mtu mmoja, mwandishi wa tamthilia ileile Hatia, na asiyejua atapata nusu ya kazi zake akadhani zimekwisha. Muhammed Said Abdulla utamkuta ameandikwa Mohamed, Muhammad na Mohammed katika leja moja. Shafi Adam Shafi angetuhurumia, maana ukianzia mbele au nyuma ni Shafi tu, ila vitabu vingine vinamwandika Adam Shafi. Msimamo wangu ni kwamba shule ichague njia moja, iiandike, na kwenye ile njia nyingine iweke kadi ya kuelekeza: Mlama, tazama Muhando. Kuchagua vibaya kuna nafuu kuliko kuchagua kila mwaka upya.

Kwenye mada, kazi ni tamu zaidi. Orodha za maneno ya mada tulizosomea zilikuwa za Kiingereza, mashuhuri kwa maktaba ndogo ikiwa ile ya Minnie Earl Sears ya mwaka 1923. Lakini mtoto wa shule ya msingi ya serikali anasoma kwa Kiswahili na anauliza kwa Kiswahili. Akija kidato cha kwanza, vitabu vinageuka Kiingereza ghafla na yeye bado anawaza usanisinuru, kama alivyofundishwa. Kadi ya mada iliyoandikwa "Usanisinuru" inayompeleka kwenye sura husika ya kitabu cha Biolojia cha Kiingereza inamfanyia mtoto huyo kazi ambayo kamusi haifanyi. Nimeona watoto wakizikimbilia kadi hizo. Na walimu pia, ingawa wao husubiri watoto watoke.

Vitabu vya kiada visikusumbue. Nakala mia mbili za kitabu kimoja cha Taasisi ya Elimu Tanzania zinahitaji kadi moja tu, nakala zihesabiwe kwenye leja. Usivipange kwa mwandishi, maana wote watakuwa Taasisi ya Elimu na rafu nzima itasoma TAA. Vipange kwa somo na darasa. Na kwa kuwa mtaala mpya ulianza kutumika Januari 2024, vya zamani visichanganywe na vipya.

Huwa naulizwa kuhusu kompyuta. Programu ya Koha, iliyotengenezwa New Zealand na kuanza kutumika mwaka 2000, haiuzwi na ni nzuri kweli. Vyuo vikuu vinaitumia. Inataka umeme wa uhakika na mtu wa kuihudumia. Shule yenye laptopu moja ya mwalimu mkuu inatoshwa na jedwali la Excel, na isiyo nayo inatoshwa na karatasi za manila zilizokatwa sentimita 7.5 kwa 12.5 na kupangwa kwenye boksi la viatu. Kadi za mwisho za kuchapwa za shirika la maktaba la OCLC kule Ohio zilitoka mwaka 2015, nikaambiwa sasa kadi zimekufa. Mbagala bado ziko hai. Anayezidharau aje tushindane kutafuta kitabu siku umeme umekatika.

Mafunzo basi yawe ya nini? Kozi zinazoletwa, pale zinapoletwa, huanzia mwisho: alama za uakifishaji za katalogi, mashine, mifumo. Mwalimu anarudi shuleni na cheti, vitabu vinabaki kwenye maboksi. Mimi ningetumia sehemu kubwa ya muda kwenye jambo moja, kukitazama kitabu na kuamua kinahusu nini kwa maneno ambayo mwanafunzi atayatumia kukitafuta. Mweke mwalimu mbele ya vitabu halisi vya shule yake, siyo mifano ya kwenye makabrasha. Aamue, abishane na mwenzake, aandike. Katika siku ya tatu utamsikia anabisha kwa hoja za mkutubi.

Tatizo la uhamisho nalo lina dawa. Mwalimu wa maktaba akihamishiwa Kigamboni, maarifa yake yanapanda gari pamoja na godoro lake. Kwa hiyo wafundishwe wawili kila shule, pamoja na wanafunzi wasaidizi wa madarasa mawili tofauti, na kanuni za shule ziandikwe kwenye kaunta buku la kwaya tatu linalokaa maktaba: tunawaandikaje waandishi, HK maana yake nini, maneno gani ya mada tumekubaliana. Kaunta buku hilo likabidhiwe kwa sahihi, kama leja inavyokabidhiwa.

Nafasi ya kufanya haya ipo bila kujenga kitu kipya. Walimu wanakutana shuleni kwao katika mafunzo endelevu kazini, MEWAKA, na vikao vyao vinaweza kabisa kuchukua mada ya katalogi. Kata moja ina shule kadhaa zenye walimu wenye funguo ambao hawajawahi kuketi pamoja. Nawaomba maofisa elimu wa Temeke na Kinondoni wawakutanishe likizo ya Juni, kata kwa kata, kwa siku tatu, kila mmoja aje na boksi lake la vitabu, na Bodi ya Huduma za Maktaba itoe mkutubi mmoja wa kuwaongoza. Wadhibiti ubora nao, fomu yao ikishauliza shule ina vitabu vingapi, iongeze mstari mmoja unaouliza orodha ya vitabu hivyo kwa mada.