Ndege hubeba, karatasi hukwamisha: vitu vikubwa vya kale vinaporudi nyumbani

KOLWEZI — Tarehe 8 Juni 2022, katika Makumbusho ya Taifa mjini Kinshasa, Mfalme Philippe wa Ubelgiji alimkabidhi Rais Félix Tshisekedi kinyago kikubwa kiitwacho Kakuungu. Ni kazi ya Wasuku wa kusini-magharibi mwa Kongo: mashavu yamefura, kidevu kimechomoza, na zamani kilivaliwa katika jando la vijana. Kwa miaka mingi kilikaa kwenye makumbusho ya Tervuren, karibu na Brussels.

Kitu kinachosindikizwa na mfalme hakisimamishwi kwenye mizani. Lakini mkazi wa Kolwezi au Nzilo anayetaka kurudi kutoka Ulaya na kiti cha kale cha Wachokwe, au ngoma kubwa ya ukoo, huanza na hesabu nyingine kabisa.

Mashirika mengi ya ndege humruhusu abiria wa daraja la kawaida begi la kilo 23. Kwa ada ya ziada, kipande kimoja kinaweza kufika kilo 32 na kisizidi hapo, kwa kuwa kuna mtu anayekiinua kwa mikono yake. Vipimo navyo vina mpaka: urefu, upana na kimo vikijumlishwa visizidi sentimita 158. Mzigo ukipita kiasi hicho hulipiwa zaidi, na ukiwa mkubwa mno hukataliwa kaunta na kuelekezwa kwenye shehena.

Mfano mzuri uko pwani ya Kenya. Vigango, nguzo za mbao ambazo Wamijikenda huwasimamishia wazee wao waliofariki, vingine hupita urefu wa mtu. Kigango kimoja cha namna hiyo hupita kipimo cha begi hata kabla upana wake haujahesabiwa. Vingi viliibwa na kuuzwa Marekani, kisha vikaanza kurudi: viwili mwaka 2007, na 30 kutoka makumbusho ya Denver mwaka 2019.

Shehena nayo ina masharti yake. Mti wa kale huogopa mabadiliko ya ghafla ya joto na unyevu, kwa hiyo hufungwa kwa karatasi isiyo na asidi na kuzungushiwa sponji ndani ya sanduku la kipimo chake. Sanduku likifika, desturi ya makumbusho ni kuliacha saa 24 bila kulifungua, ili mti uzoee hewa mpya polepole. Sanduku lenyewe likiwa la mbao, nchi nyingi hudai liwe limepashwa moto wa nyuzi 56 kwa dakika 30 na kupigwa muhuri, lisije likasafirisha wadudu. Na kama kitu kina pembe ya ndovu au ngozi ya chui, kama vitu vingi vya machifu, hutakiwa kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini.

Baada ya hapo ndipo huja forodha. Shehena moja ya vigango iliyotumwa na chuo kikuu cha California ilikwama uwanja wa ndege wa Nairobi kwa kudaiwa ushuru, kana kwamba ni bidhaa ya sanaa inayoingia sokoni. Kitu kilichoibwa kijijini kikatakiwa kulipiwa ili kirudi nchini kwake. Ndiyo maana barua ya makumbusho, picha za kitu na maelezo ya asili yake ni mambo ya kutayarisha kabla ya kununua tiketi.

Kwa Kongo, karatasi hizo zina uzito wa pekee. Sheria namba 71-016 ya tarehe 15 Machi 1971 inalinda mali za utamaduni na haziruhusiwi kutoka nchini bila idhini. Msalaba wa shaba wa Katanga, uliowahi kutumika kama fedha na kuzikwa pamoja na wafu katika bonde la Upemba, unaingia kwenye begi la mkononi bila shida. Udogo wake haumpi msafiri haki ya kuondoka nao.

Karatasi ndizo pia zinazosema mali ni ya nani. Kakuungu kilirudi kwa mkopo usio na kikomo. Hakikurudi kama mali ya Kongo. Mwezi Februari mwaka huo huo, Ubelgiji ilimkabidhi Waziri Mkuu Sama Lukonde orodha ya vitu vipatavyo 84,000 vilivyoko Tervuren, na mwezi Julai ikapitisha sheria ya kufungua njia ya kuvirudisha.

Katika makusanyo ya Tervuren zimo kazi za Wachokwe na za Waluba, watu ambao wazao wao wako Lualaba, Haut-Lomami na majimbo jirani. Kwa hiyo suala la nani atavipokea linagusa kusini moja kwa moja. Kati ya 1976 na 1982, Tervuren ilipeleka Kinshasa vitu 114. Baadaye baadhi yake vilitoweka makumbusho, na vingine vikaonekana kwenye soko la sanaa la ng'ambo. Vilikuwa vimesafiri vizuri, vikafika salama, vikapotelea nyumbani.

Kinshasa leo ina jengo jipya la makumbusho, lililojengwa kwa msaada wa Korea Kusini na kuzinduliwa mwaka 2019. Kwa wakazi wa Kolwezi, hata hivyo, Kinshasa ni safari nyingine ya ndege. Kiti cha chifu kikirudi kutoka Ulaya na kuishia huko, mjukuu wake aliyeko Lualaba atahitaji tiketi ili akione. Kabla sanduku la kwanza halijapakiwa, majimbo yanayohusika yana kazi ya kufanya: kutenga chumba kikavu, kufunga kufuli imara, kuajiri mlinzi anayelipwa kila mwezi, na kufungua daftari la kuandika kila kinachoingia.