Safari ya Voyager 2: Mwendo wa Mkopo (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulikiacha chombo cha Voyager 2 kikipaa kutoka Cape Canaveral, Florida, tarehe 20 Agosti 1977. Nguvu ya roketi ilitosha kukifikisha kwenye sayari ya Mshtarii na kupita hapo kidogo. Baadaye Jua lingekivuta kirudi. Kilifikaje basi Neptuni, iliyo mbali na Jua karibu mara sita kuliko Mshtarii?

Kilikopa mwendo. Mshtarii huzunguka Jua kwa kasi ya kilomita 13 hivi kwa sekunde. Chombo kikipita nyuma yake, uvutano wa sayari hukipinda njia na kukikokota kuelekea inakokwenda yenyewe. Mwendesha baiskeli anayeshika lori mlimani anaijua hesabu hii, ingawa askari wa barabarani hawaipendi. Ukipima kutoka Mshtarii, chombo kimeondoka na kasi ile ile kiliyokuja nayo. Ukipima kutoka kwenye Jua, kimeongezewa. Na deni hulipwa: sayari nayo hupungua mwendo, ila kwa kiasi kisichopimika.

Lakini lazima sayari ziwe zimekaa panapofaa. Mwaka 1965 Gary Flandro, akipiga hesabu huko California, aligundua kuwa mwishoni mwa miaka ya 1970 Mshtarii, Zohali, Uranusi na Neptuni zingekuwa upande mmoja wa Jua, kila moja ikiweza kukirusha chombo kwa jirani yake. Nafasi hiyo huja kila baada ya miaka 175 hivi. Voyager 2 ikafika Neptuni Agosti 1989, baada ya miaka 12. Bila mkopo ingechukua kama 30.

Hapo Neptuni ndipo panaponivutia zaidi, maana chombo kilipunguzwa mwendo kwa makusudi. Wanasayansi walitaka kuuona mwezi wake mkubwa, Triton, kwa hiyo wakakipitisha juu ya ncha ya kaskazini ya sayari, kilomita 5,000 hivi kutoka mawinguni, kipinde kuelekea kusini. Kasi ikapungua, lakini hapakuwa na sayari nyingine ya kuifuata. Walichopata ni chemchemi za gesi ya nitrojeni zikifoka kutoka ardhi yenye baridi ya nyuzi 235 chini ya sifuri, mahali walipodhani pamekufa.

Kona hiyo ndiyo iliyokipeleka chombo kusini moja kwa moja. Ndiyo maana leo amri zake hutumwa na antena moja tu, ile ya mita 70 iliyo karibu na Canberra, Australia. Ilipofungwa kwa matengenezo mwaka 2020, Voyager 2 iliendelea kusikika kwa miezi, ila yenyewe haikuweza kuambiwa neno.

Itaendelea.