Visa vya Bwana Msa: tuanzie kitabu kipi?

Wazazi wengi wanamkumbuka Bwana Msa tangu walipokuwa shuleni: yule mpelelezi mtulivu mwenye kiko chake, asiyekuwa askari polisi, lakini akaona yaliyowapita askari. Watoto wao, hata wanaopenda sana hadithi za upelelezi, aghalabu hawamjui. Na mzazi anapotaka kuwajulisha, hukabiliwa na vitabu saba na swali moja: aanzie wapi?

Mtunzi wake, Muhammed Said Abdulla, alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Alianza kazi katika idara ya afya, kisha akaingia katika uandishi wa magazeti, na kwa miaka kumi alikuwa mhariri wa gazeti la Mkulima. Inajulikana kwamba Bwana Msa ana nasaba na Sherlock Holmes wa Uingereza, na Najum, mwandani wake, anashika nafasi ya Watson. Lakini baraza, mashamba na Kiswahili kinachozungumzwa humo ni vya kwetu.

Ushauri wetu ni kuanza na kitabu cha kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, kilichoshinda tuzo ya uandishi wa hadithi za Kiswahili ya 1957/58 na kuchapishwa mwaka 1960. Hatusemi kwamba ndicho kilichosukwa kwa ustadi kuliko vyote, kwani visa vya baadaye vina mafundo magumu zaidi. Tunakichagua kwa sababu ya swali lililomo ndani yake. Bwana Ali anakutwa ameuawa penye mzimu, na wapo walio tayari kuamini kwamba mzimu ndio uliomuua. Bwana Msa hatosheki na jawabu hilo. Anauliza, anapima, anatafuta ushahidi. Muuaji ni nani, hatusemi.

Swali hilo bado linaishi nasi. Katika nchi yetu vikongwe, hasa kinamama wa Kanda ya Ziwa, wameuawa kwa tuhuma za uchawi zisizo na ushahidi wowote. Na sisi tulioamrishwa katika Suratul Hujurat kuzichunguza habari kabla ya kuwadhuru watu kwa kutojua, mara ngapi tumemnyooshea kidole jirani kwa sababu tu mtoto ameugua? Kijana aliyemfuata Bwana Msa hadi mwisho wa kisa huzoea kuuliza: umejuaje?

Cha pili kiwe Kisima cha Giningi, cha mwaka 1968. Jina la Giningi katika masimulizi ya Zanzibar huenda pamoja na wachawi, hivyo msomaji aliyetoka katika kitabu cha kwanza ataingia akiwa ameshajifunza kutotishwa na jina.

Baada ya hapo njia ni pana: Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri, Mwana wa Yungi Hulewa na Mke Mmoja Waume Watatu, vyote vya miaka ya sabini. Hicho cha mwisho, kama jina lake linavyoashiria, mzazi akisome kwanza mwenyewe, kisha aamue nani katika nyumba amefikia umri wa kukisoma.

Kosa la Bwana Msa, cha mwaka 1984, kiachwe mpaka mwisho. Kosa la mtu humgusa zaidi yule aliyekwisha kumzoea na kumwamini.

Kiswahili chake ni cha Unguja ya zamani, na baadhi ya maneno yatawakwaza vijana. Hilo lisiwe sababu ya kukiweka kando. Asome mtoto kwa sauti baada ya Isha, na bibi au babu aeleze neno linapomshinda. Kabla ya sura ya mwisho kitabu kifungwe, kila mmoja amtaje anayemshuku na aseme ana ushahidi gani. Asiye na ushahidi asitaje jina la mtu.