Kumfundisha Mjane: Hesabu ya Sanduku, Kazi ya Mkono na Karatasi za Mirathi

Mwanachuo anayemaliza masomo yake na kupangiwa shule ya kijijini hatakaa sana kabla ya kuombwa awafundishe watu wasiomo katika daftari lake la mahudhurio. Jambo hili si geni nchini Tanzania. Mwaka 1970 ulipotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, mwalimu wa shule ya msingi alibeba sehemu kubwa ya mzigo huo, akiwafundisha watoto asubuhi na wazazi wao jioni. Katika mikoa ya Ziwa Victoria kisomo chenye manufaa kiliandikiwa vitabu vyake, juu ya pamba, migomba, uvuvi na maarifa ya nyumbani, kwa kuwa ilionekana kwamba mtu mzima husoma upesi zaidi yale yanayomhusu. Siku hizi mwalimu huyo huyo huitwa na wanawake wenye sanduku la akiba, na miongoni mwao wajane huwa si wachache. Tunakusudia kueleza hapa yafaayo kufundishwa kikundi cha namna hiyo, na jinsi ya kuyafundisha.

Yafaa kwanza kuondoa dhana moja. Mjane si lazima awe mtu asiyejua kusoma. Wengi walimaliza darasa la saba, na wengine wamepita sekondari. Kinachomtofautisha na wanafunzi wengine wa jioni ni kwamba kifo cha mume hupunguza kipato cha nyumba wakati ule ule karatasi zinapoanza kuwa na maana kuliko zamani, na baadhi ya watu waliokuwa wakimsemea mbele ya ukoo huenda sasa wakawa ndio wanaodai shamba. Ukimfundisha kushona peke yake, atashona katika chumba cha kupanga huku nyumba aliyoijenga ikikaliwa na shemeji. Ukimweleza haki zake naye hana nauli ya kwenda mahakamani, umempa habari tu.

Kuhusu adabu ya darasa hili, mwalimu kijana akumbuke kuwa mbele yake wameketi watu wa umri wa mama yake. Aanze yeye kutoa shikamoo. Awaite kwa majina wanayoitwa kijijini, Mama Fulani au Bibi Fulani, wala asiwaite “wajane” kama kwamba hilo ndilo jina lao. Neno hilo likae katika makaratasi ya mradi. Asimtake mtu asimulie mbele ya wenzake jinsi mumewe alivyofariki, hata kama mgeni aliyekuja kutembelea kikundi angependa kusikia. Aidha, aijue kalenda yao. Mwanamke Mwislamu aliyefiwa hukaa eda miezi 4 na siku 10, na kikundi chenye busara hupokea mchango wake kwa mkono wa mwingine bila kumtoza faini ya kutohudhuria.

Tuje kwenye sanduku. Mtindo wa vikundi hivi unaofuatwa mahali pengi ulianzia Niger mwaka 1991 chini ya shirika la CARE, na leo umeenea katika nchi nyingi za Afrika. Huku kwetu watu huviita vikoba. Wasiovijua huvichanganya na upatu, lakini tofauti ni kubwa: katika upatu fedha za siku hupewa mmoja zikaisha, bali katika kikoba fedha hukaa, hukopeshwa kwa wanachama, hurudi na riba, na baada ya muda wa mwaka mmoja hivi hugawanywa kwa kadiri ya hisa. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo zake hukaa kwa watu watatu tofauti wasioshika sanduku lenyewe. Kila mwanachama hununua hisa kati ya 1 na 5 katika kikao, na mkopo mara nyingi hauzidi mara tatu ya akiba ya mkopaji. Uko pia mfuko wa jamii, mdogo na uliotengwa kando, wa ugonjwa na misiba. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vikundi hivi hupaswa kusajiliwa, na maombi hupitia halmashauri.

Somo gumu kuliko yote hapa ni mgawanyo wa mwisho wa mzunguko. Tuseme kikundi kina wanachama 20, na hisa moja ni shilingi 2,000. Mwisho wa mwaka hisa zote zilizonunuliwa ni 3,000, yaani akiba ya shilingi 6,000,000. Lakini sandukuni, pamoja na riba na faini, mna shilingi 7,200,000. Mwalimu asiandike kanuni ubaoni. Achukue punje za mahindi, kila punje ikiwa hisa moja, na aanze na kikundi cha kubuni chenye watu watatu na hisa 10 tu. Fedha za kubuni ziwekwe katikati, nao wanafunzi wenyewe wazigawe juu ya punje mpaka ziishe. Wakiisha kuona kwamba kila punje imepata fungu sawa, ndipo wapewe hesabu kubwa: 7,200,000 kwa 3,000 ni 2,400. Mwenye hisa 150 atapata shilingi 360,000, na mwenye hisa 40 atapata 96,000. Hapo mwenye hisa chache ataona kwa macho kuwa hakudhulumiwa, kwa maana punje yake imelipwa sawa na ya jirani yake. Kutoelewa jambo hili moja kunatosha kuvunja kikundi.

Wako wanachama wasioandika, nao wasidharauliwe. Katika vikundi vilivyofunzwa vizuri, kabla ya sanduku kufungwa, salio hutamkwa kwa sauti na wote hulikariri. Kikao kifuatacho huanza kwa kuulizwa salio lilikuwa kiasi gani kabla fedha hazijahesabiwa. Hiyo ni njia bora ya ukaguzi, na mwalimu wa hesabu za kichwa ana mengi ya kujifunza kwake.

Liko kosa moja tunaloomba sana mwalimu aliepuke, nalo ni kukubali kuwa katibu. Ataombwa, tena kwa heshima na pengine kwa kuku. Akikubali, kikundi kitakuwa na hesabu safi mpaka siku atakapohamishwa, na baada ya hapo kitakuwa na daftari lisilosomwa na mtu. Kalamu ishikwe na mwanachama tangu siku ya kwanza, hata kama tarakimu zake zitapinda.

Katika kazi za mkono tutasema machache, maana mafundi wapo na mwalimu si fundi. Kazi yake ni kuuliza swali kabla cherehani hazijanunuliwa: nani atanunua? Imezoeleka mno kwamba mradi wa wanawake maana yake ni kushona, na kijiji cha kaya mia mbili kikajikuta na mafundi kumi na wawili wanaogombania sare za Januari. Wanafunzi wapewe zoezi la kwenda sokoni siku ya gulio kuhesabu kinachouzwa, kinachokosekana na kinachotoka mjini. Baadaye wafanye hesabu ya gharama. Sketi ya shule yenye kitambaa cha shilingi 6,000, uzi wa 500 na zipu ya 500, ikiuzwa 9,000, faida yake si 3,000 bali 2,000, na humo bado hamjatoka kodi ya cherehani wala siku ya fundi. Mahali pengine kuku wa kienyeji wangefaa zaidi, kwa kuwa mjane tayari anao, na adui wao mkubwa, mdondo, huzuilika kwa chanjo ya tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu. Somo la kalenda lifundishwe hapo: wanafunzi wachore miezi kumi na miwili na kutia alama siku nne za chanjo.

Sehemu ya haki ndiyo mwalimu huiogopa, naye ana sababu. Hataki kugombana na wazee waliompokea. Lakini kufundisha kusoma sheria si kumchochea mtu. Aanze na yaliyo wazi. Kifungu cha 68 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema kwamba mwanamke aliyefiwa na mume yu huru kukaa apendapo, kubaki bila mume au kuolewa na mtu amtakaye, hata mila ikisema vingine. Kwa ndoa ya Kiislamu, eda hungojwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kifungu cha 20, inabatilisha mila inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi. Baada ya hayo lije somo la mafungu, ambalo mwalimu wa darasa la tano atalifurahia. Katika sheria ya Kiislamu, madeni na wasia vikiisha kutolewa, mjane hupata 1/8 ikiwa marehemu ameacha watoto, na 1/4 ikiwa hakuacha. Wake wakiwa zaidi ya mmoja, hugawana fungu hilo hilo. Katika Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, ambayo mahakama za Tanzania zimeitumia kwa wengi wasioishi kimila, mjane mwenye watoto hupata 1/3. Wanafunzi wagawe shamba la ekari 24 kwa njia hizi mbili: ekari 3 na ekari 8.

Njia ya tatu ni chungu, wala haifai kufichwa. Tamko la sheria za mila la mwaka 1963 lilisema kwamba mjane hana fungu ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto. Wajane wawili, wote mafundi cherehani, walilipinga mahakamani. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikubali kwamba kanuni hizo ni za kibaguzi, lakini haikuzifuta. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani iliitupa rufaa yao kwa kasoro ya hati, bila kuamua hoja yenyewe. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliona kuwa haki zao zimevunjwa, ikaitaka serikali ibadilishe sheria hizo. Mwanafunzi akiuliza kwa nini tunamchosha kwa kusoma tarehe, muhuri na sahihi, asimuliwe habari ya rufaa hiyo.

Neno moja la kutiliwa mkazo ni “msimamizi”. Wengi hudhani kwamba mtu aliyeteuliwa na mahakama kusimamia mirathi amepewa mali. Sivyo, amepewa kazi ya kukusanya mali, kulipa madeni, kugawa kwa warithi na kurudisha hesabu mahakamani. Mjane mwenyewe aweza kuomba kazi hiyo. Maigizo mafupi yatafaa: mmoja awe hakimu wa Mahakama ya Mwanzo, mwingine shemeji, mwingine mjane aliyeshika cheti cha kifo, cheti cha ndoa na muhtasari wa kikao cha ukoo. Ausome muhtasari kwa sauti kabla ya kutia sahihi. Mara ya pili, mwalimu aweke kwa makusudi mstari usiokubaliwa kikaoni, aone kama atausimamia au ataupita.

Shauri likiwa la kweli, mwalimu amwelekeze kwa msaidizi wa kisheria, ambaye huduma yake ya bure inatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, wala asijifanye wakili. Kabla ya hapo amsaidie mwenye shauri kutoa nakala za karatasi zake zote, na nakala hizo zikae katika nyumba nyingine, si katika sanduku la kikundi, ambalo hufunguliwa siku ya kikao tu.